UZI: NATO na mvutano wa kugawana mzigo wa ulinzi. Nani alipe, alipe nini, na nani anahesabu?

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Kila NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, ikitajwa hukosi mtu wa kusema kwamba Ulaya "inadaiwa" na Marekani. Kauli hii imerudiwa mno hadi watu wazima wenye elimu zao wanaichukulia kama jambo lililothibitishwa. Naomba nianze nayo, kwa sababu asiyelielewa hili hawezi kuelewa kinachobishaniwa kwenye mikutano yao.

NATO haina daftari la madeni. Kuna bajeti ya pamoja, ni kweli, lakini ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mwaka 2025 ilikuwa kama euro bilioni 4.6, sawa na takriban asilimia 0.3 ya fedha zote ambazo nchi wanachama zinatumia kwa ulinzi. Inaendesha makao makuu ya Brussels, kamandi za kijeshi, baadhi ya miundombinu ya pamoja na mambo ya namna hiyo. Inachangiwa kwa fomula iliyokubaliwa. Zamani Marekani ililipa asilimia 22, na mwaka 2019 wakakubaliana ishuke hadi kama 16, ikawa sawa na Ujerumani.

Ile asilimia 2 iliyogombewa miaka kumi, na asilimia 5 inayozungumzwa sasa, ni kitu kingine kabisa. Ni fedha ambazo kila nchi inatumia kwa jeshi lake yenyewe, ikipimwa kwa pato la taifa lake. Ubelgiji ikinunua ndege za kivita, ni ndege za Ubelgiji, na Washington haipokei hundi yoyote. Hakuna mtu aliyekopeshwa.

Lakini ahadi ni deni, na hapo ndipo malalamiko ya Marekani yanapopata miguu. Tarehe 4 Aprili 1949 nchi 12 zilitia saini mkataba wa kuanzisha NATO huko Washington. Wengi wanaijua Ibara ya 5, kwamba shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote. Wachache wanaifikia Ibara ya 3, inayotaka kila mwanachama, kwa juhudi zake mwenyewe na kwa kusaidiana na wenzake, ajijengee uwezo wa kuhimili shambulio. Maneno hayo yana historia. Juni 1948, kabla hata mkataba haujaandikwa, Seneti ya Marekani ilipitisha azimio la Seneta Arthur Vandenberg likisema Marekani iingie tu kwenye mapatano ambayo wenzake nao wanajisaidia, tena mfululizo na kwa vitendo. Kwa hiyo suala la nani anabeba nini halikuletwa na Donald Trump. Lilikuwepo kabla wino haujakauka.

Na hiyo Ibara ya 5 yenyewe isomeni vizuri. Haisemi kila nchi itapeleka jeshi. Inasema kila mmoja atachukua hatua *anayoona ni ya lazima*, ikiwemo kutumia nguvu za kijeshi. Maseneta wa Marekani walikataa kabisa kifungu cha kuwaingiza vitani moja kwa moja bila Bunge lao kuamua. Maana yake ni kwamba ulinzi wote wa pamoja umesimama juu ya imani kwamba siku ikifika, mwenzako ataona ni lazima. Mimi naamini mazungumzo yote ya fedha, ya tangu enzi zile hadi leo, ni njia ya kujadili imani hiyo bila kuitaja. Asilimia ni kitu kinachohesabika, na imani haihesabiki, kwa hiyo wanabishana kuhusu asilimia.

Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji

Mada nzuri mkuu, ila usimpunguzie Mzungu wa Ulaya lawama. Marekani peke yake inatumia karibu theluthi mbili ya fedha zote za ulinzi ndani ya NATO. Mlipakodi wa Ohio anamlinda mtu wa Munich ambaye ana bima ya afya na likizo ndefu kuliko yeye. Haki iko wapi hapo?

#3 Mleta mada

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Takwimu hiyo ni ya kweli. Ila ndani yake kuna jambo la kutenganisha. Bajeti ya ulinzi ya Marekani inalipia pia meli za Pasifiki, kambi za Japani na Korea Kusini, Mashariki ya Kati na silaha za nyuklia. Waliopo Ulaya tangu 2022 ni wanajeshi kati ya 80,000 na 100,000. Bajeti ya Denmark au Estonia, karibu yote, ni kwa ajili ya Ulaya. Ukiweka namba hizo mbili pamoja bila maelezo, unalinganisha nchi yenye majukumu ya dunia nzima na nchi yenye majukumu ya ujirani.

Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba lalamiko la Marekani ni la haki, na ushahidi mzuri sio asilimia. Ushahidi ni Libya, 2011. Ufaransa na Uingereza ndizo zilizosukuma operesheni ile. Ndani ya wiki chache mabomu ya kulenga shabaha yalianza kuwapungukia washirika wa Ulaya, na ndege zao zilitegemea ndege za Marekani kujaziwa mafuta angani. Adui alikuwa jeshi dhaifu, ng'ambo tu ya Mediterania. Juni mwaka huo Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Marekani aliyekuwa anaondoka, alisimama Brussels akawaambia waziwazi kwamba wakiendelea hivyo muungano huu hauna mustakabali mwema. Alikuwa mtu mpole wa kauli, amefanya kazi chini ya Bush na Obama. Nao walimsikiliza, wakaendelea kupunguza bajeti.

Mwaka 2014, baada ya Urusi kuichukua Crimea kutoka Ukraine, viongozi walikutana Wales wakaahidi kuelekea asilimia 2 ndani ya miaka kumi, na asilimia 20 ya hiyo iende kwenye vifaa vikubwa. Waliokuwa wamefikisha wakati huo walikuwa watatu tu: Marekani, Uingereza na Ugiriki. Ugiriki yenyewe ilifikisha zaidi kwa kumhofia Uturuki, ambaye ni mshirika mwenzake ndani ya NATO hiyohiyo! Hapo mnaona asilimia inavyoweza kukuambia ukweli usiouhitaji.

#4 Mchangiaji

Je, kabla ya Trump waliwahi kufikia mahali pa kubanana kweli, au ilikuwa maneno ya kidiplomasia tu?

#5 Mleta mada

Walibanana hadi serikali ikaanguka. Ngoja nikae hapa kidogo, maana hiki ni kisa ambacho kila anayefuatilia mambo haya angepaswa kukijua.

Miaka ya 1960 Marekani ilikuwa na wanajeshi wengi sana Ujerumani Magharibi. Mishahara yao ililipwa kwa dola, na wao wakazitumia Ujerumani. Dola zikawa zinatoka, na wakati ule benki kuu ya nchi nyingine ilikuwa na haki ya kupeleka dola zake Marekani ikapewa dhahabu. Kwa hiyo kila askari aliyekunywa bia Frankfurt alikuwa, kwa namna fulani, anapunguza akiba ya dhahabu ya nchi yake. Vita vya Vietnam vikaongeza shinikizo. Tangu 1961 kukawa na mapatano ya kufidia: Ujerumani itanunua silaha za Marekani za kiasi kinacholingana na gharama hizo za dola. Uingereza nayo, iliyokuwa na jeshi lake kwenye mto Rhine na hali mbaya ya paundi, ikadai fidia ya aina hiyohiyo.

Kufikia 1966 uchumi wa Ujerumani ulikuwa unayumba, bajeti haitoshi, na jeshi lao halikuwa na haja ya silaha zote zile. Mwishoni mwa Septemba Kansela Ludwig Erhard akaenda Washington kumwomba Rais Lyndon Johnson ampe nafuu: muda zaidi, au kiasi kidogo zaidi. Erhard alikuwa rafiki wa kweli wa Marekani na alitegemea urafiki huo. Johnson hakulegeza. Erhard akarudi nyumbani mikono mitupu, akiwa na pengo la bajeti ambalo lilihitaji kupandisha kodi. Oktoba mawaziri wa FDP, chama kilichoungana naye kuunda serikali, wakajitoa serikalini kwa sababu ya hiyo bajeti. Tarehe 1 Desemba Kurt Georg Kiesinger akawa kansela mpya.

Kulikuwa na sababu nyingine za ndani, sisemi ni fidia peke yake iliyomwangusha. Lakini Washington ilijifunza kitu. Wakaunda meza ya pande tatu, Marekani, Uingereza na Ujerumani, upande wa Marekani ukiongozwa na John McCloy, aliyeijua Ujerumani tangu alipokuwa kamishna mkuu pale baada ya vita. McCloy alibadilisha swali. Badala ya kuanza na "mtalipa kiasi gani", wakaanza na tishio lenyewe: adui ana nini, tunahitaji askari wangapi, wakae wapi, na baada ya hapo fedha. Kufikia Aprili 1967 walikuwa na mapatano. Sehemu ya askari wa Marekani wangerudi nyumbani lakini wabaki wamepangiwa Ujerumani, na kuanzia 1969 walikuwa wakirudishwa kwa mazoezi makubwa ili kuonyesha kwamba wanaweza kufika. Benki kuu ya Ujerumani nayo, kwa barua ya gavana wake Karl Blessing, ikaahidi kuendelea kutobadilisha dola zake kuwa dhahabu. Hiyo ndiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa Marekani, na haikuonekana kwenye bajeti ya ulinzi ya mtu yeyote.

Narudia hilo kwa sababu ndilo kiini cha ninachotaka kusema kwenye uzi huu: mzigo mkubwa kuliko yote aliobeba Mjerumani mwaka 1967 haukuwa na asilimia.

Miaka minne baadaye, Mei 1971, Seneta Mike Mansfield alitaka Seneti iamue kupunguza askari wa Marekani Ulaya kwa nusu. Akashindwa kwa kura 61 dhidi ya 36. Mnaona kwamba hata kule kwao ubishi huu ni wa zamani.

#6 Mchangiaji

Hapo kwenye mizigo isiyo na asilimia naomba niongezee damu. Ibara ya 5 imetumika mara moja tu katika historia, Septemba 2001, na ilitumika kwa ajili ya Marekani. Wadenmark wakaenda Helmand, mahali pabaya kuliko pote Afghanistan. Nchi yenye watu milioni tano na nusu ikazika wanajeshi zaidi ya 40. Waingereza wakazika zaidi ya 450, Wakanada zaidi ya 150. Halafu mtu anakuja na jedwali la asilimia kuwaambia Wadenmark kwamba wao ni wapanda bure, yaani wanaolindwa bila kuchangia? Mimi binafsi inaniuma.

#7 Mleta mada

Asante sana mkuu. Na ukitazama jedwali la 2014, Denmark ilikuwa na kama asilimia 1.2 hivi. Kwa kipimo cha Wales hao ni wakwepaji. Kwa kipimo cha makaburi ni miongoni mwa waliotoa zaidi kwa kila raia. Vipimo viwili, nchi moja, majibu yanayopingana kabisa.

Kanada ni mfano wa pili. Tangu 2017 ndiyo inayoongoza kikosi cha NATO nchini Latvia. Ina askari wake huko, mlangoni pa Urusi, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa chini ya asilimia 2. Ni Juni 2025 tu ndipo Waziri Mkuu Mark Carney alipotangaza kwamba watafikisha ndani ya mwaka huo wa fedha. Sasa niambieni, mwananchi wa Riga angependa kuwa na nani: nchi yenye asilimia nzuri ambayo askari wake wote wako nyumbani, au hao Wakanada?

Lakini nisiegemee upande mmoja. Damu iliyomwagika jana hailindi mpaka wa kesho. Ukweli ni kwamba vita vya Ukraine vimeonyesha mahitaji ya risasi za mizinga, mifumo ya kukinga anga na vipuri kwa kiwango ambacho Ulaya iliacha kukifikiria tangu 1991. Denmark yenyewe ilipoipa Ukraine mizinga yake yote 19 aina ya Caesar mwaka 2023, ilifanya jambo la heshima kubwa, na ikabaki haina. Vitu hivyo vinanunuliwa kwa fedha. Februari 2025 serikali ya Copenhagen ikatangaza kuvuka asilimia 3. Hakuna aliyewalazimisha kwa jedwali. Walitazama ramani.

#8 Mchangiaji

Sasa mkuu, kama asilimia ina kasoro hizo zote, kwa nini wasipime uwezo moja kwa moja? Nchi fulani lete brigedi kadhaa, nchi fulani lete meli kadhaa, basi.

#9 Mleta mada

Wanafanya hivyo! Na hapa ndipo pana diplomasia ya kweli ambayo haitangazwi kwenye televisheni.

NATO ina mchakato wa kupanga ulinzi unaozunguka kila miaka minne. Makamanda wanaanza na mipango ya vita. Ile ya kikanda ya sasa ilipitishwa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, Julai 2023. Kutokana na mipango hiyo wanapata orodha ya jumla ya kinachohitajika: vikosi vya nchi kavu, mifumo ya kukinga anga, makombora ya masafa marefu, usafirishaji, mawasiliano. Kisha orodha inagawanywa, kila nchi inapewa sehemu yake. Wataalamu wanakaa na kila nchi mmoja mmoja, wanaipitia: mlisema mtakuwa na brigedi hii kamili kufikia mwaka fulani, mbona haina vifaa vya kutegua mabomu? Mafundi wa matengenezo wako wangapi?

Halafu inakuja hatua ninayoiona ya busara kuliko zote. NATO huamua kila kitu kwa makubaliano ya wote, yaani nchi moja ikikataa jambo linakwama. Lakini kwenye kupitisha malengo ya nchi fulani, nchi hiyo yenyewe haina sauti ya kuzuia. Wote wengine wakikubali kwamba mzigo huu ni wako, ni wako. Wanaita makubaliano ya wote kasoro mmoja. Ukae kwenye chumba kimoja na wenzako zaidi ya thelathini, wote wanajua ulichokiahidi na ulichokifanya, na huwezi kujipigia kura ya turufu. Hiyo ina nguvu kuliko hotuba yoyote.

Tatizo ni kwamba malengo hayo ni siri ya kijeshi, na ni lazima yawe siri, maana yakitangazwa adui anajua nani hana nini. Rais hawezi kwenda kwa wapiga kura wake na orodha ya siri. Anaweza kwenda na asilimia. Ndiyo maana Juni 2025 mawaziri wa ulinzi walipitisha kwanza malengo mapya ya uwezo, mapema mwezi huo, halafu tarehe 24 na 25 viongozi wakaenda The Hague, Uholanzi, kupitisha namba, yaani ile asilimia 5 ya pato la taifa. Namba ile ni tafsiri ya orodha kwa lugha ya bajeti. Sio kwamba mtu aliitoa hewani tu, ingawa ile 5 ya duara ilikuwa ya kumridhisha Trump. Hilo sioni haja ya kulificha.

Nchi ndogo nazo zina njia zao ambazo asilimia haizionyeshi vizuri. Luxembourg haiwezi kujenga jeshi la anga la maana. Ila mwaka 2016 iliungana na Uholanzi kununua kwa pamoja ndege za kujaza mafuta angani, wengine wakajiunga baadaye, na ndege hizo kituo chao kikuu kiko Eindhoven. Kila nchi inanunua saa za kuruka kadiri inavyohitaji. Vilevile kule Pápa, Hungary, kuna ndege tatu kubwa za mizigo aina ya C-17 zinazomilikiwa na nchi 12 kwa mtindo huohuo wa saa. Nchi isiyoweza kumudu hata ndege moja ya aina hiyo inapata saa zake na kupeleka msaada au askari inapotaka. Huu mimi ndio ninauita mgawanyo wa mzigo, na ningependa kuona mara kumi ya hapa. Kumbukeni Libya: kilichokosekana kilikuwa hasa hicho.

#10 Mchangiaji

Hispania je? Wenzao wote wamekubali 5, wao wamekataa na bado wamo. Mbona wanaachwa?

#11 Mleta mada

Hapa pana somo la uandishi wa matamko, mkuu.

Siku chache kabla ya mkutano wa The Hague, Waziri Mkuu wa Hispania, Pedro Sánchez, alimwandikia Katibu Mkuu wa NATO, Mark Rutte, barua kwamba asilimia 5 haina mantiki kwa nchi yake na italeta madhara. Alidai Hispania inaweza kutimiza malengo yake ya uwezo kwa asilimia 2.1. Bila makubaliano ya wote tamko linakufa. Trump anakuja, tamko halipo: ingekuwa aibu ya mwaka. Suluhisho likapatikana kwenye neno moja. Rasimu ilisema "tunaahidi". Tamko lililotoka linasema "washirika wanaahidi". Rutte naye akajibu kwa barua kwamba Hispania ina uhuru wa kuchagua njia yake ya kufikia malengo ya uwezo. Sánchez akaenda kwenye televisheni kutangaza ushindi, Rutte akasema hakuna nchi iliyosamehewa, na kwamba kwa hesabu za NATO Hispania itahitaji asilimia 3.5 kutimiza ilichokiahidi.

Kuna watakaosema ni ujanja. Mimi nasema ilikuwa kazi nzuri ya diplomasia kwa siku ile, kwa sababu ililinda umoja mbele ya Moscow. Lakini imeacha tatizo halisi. Poland ilipanga asilimia 4.7 kwa mwaka 2025 na Lithuania imepanga kuvuka 5. Mlipakodi wa Vilnius ana kipato kidogo, anakatwa kodi zaidi kwa ajili ya ulinzi, halafu anaona nchi tajiri kuliko yake, iliyo mbali na hatari, inajiwekea kiwango chake. Hispania mwaka 2024, kwa makadirio ya NATO ya wakati ule, ilikuwa chini kuliko wote, kama 1.3. Jiografia inaeleza tofauti hiyo, haiihalalishi. Kama shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote, basi umbali kutoka mpakani hauwezi kuwa kigezo cha nani alipe.

Kwa upande mwingine, Trump alipotishia kuiadhibu Hispania kwa ushuru wa biashara, alikosea. Unapomwambia mshirika hadharani kwamba ulinzi wako una bei na unaweza kusitishwa, adui naye anasikia. Kinachonunuliwa na fedha zote hizi, vifaru, ndege, makombora, ni adui *asithubutu*. Ukiongeza fedha huku unapunguza imani, unajaza na kumwaga kwa wakati mmoja. Hili silisemi kwa kuichukia Marekani. Nalisema kwa sababu Washington ina haki kwenye hoja na inaiharibu kwa namna ya kuidai.

#12 Mchangiaji

Mmesahau Asia. Kule ndiko kuna malipo kweli, sio asilimia.

#13 Mleta mada

Ni kweli, na kule mfumo ni mwingine. Korea Kusini tangu 1991 ina mapatano maalumu na Marekani ya kuchangia gharama za wanajeshi wa Marekani walioko pale, ambao sasa ni 28,500. Fedha zinakwenda sehemu tatu: mishahara ya Wakorea wanaofanya kazi kambini, ujenzi, na ugavi. Juu ya hapo, kambi kubwa ya Humphreys kule Pyeongtaek iligharimu zaidi ya dola bilioni 10, na Korea ililipa karibu asilimia 90 ya hizo.

Mwaka 2019 Trump akataka kama dola bilioni 5 kwa mwaka, takriban mara tano ya walichokuwa wakilipa. Novemba mwaka huo wajumbe wa Marekani waliinuka mezani jijini Seoul kabla kikao hakijaisha. Mapatano ya zamani yakaisha muda, mapya hayapo. Tarehe 1 Aprili 2020 Wakorea wapatao 4,000 wanaofanya kazi kwenye kambi za Marekani wakapewa likizo bila malipo. Hao ni watu wa kazi za kila siku kambini. Majenerali walikuwa wanasema kila siku kwamba jeshi liko tayari kupigana usiku huuhuu, na wale wanaowezesha utayari huo walikuwa nyumbani wakisubiri wanadiplomasia. Juni Seoul ikakubali kutoa fedha za mishahara yao kwa muda, wakarudi kazini.

Mapatano yalipatikana Machi 2021 chini ya Biden: nyongeza ya asilimia 13.9, kufikia won (fedha ya Korea) trilioni 1.18. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa kuhakikisha mishahara ya wafanyakazi haikwami tena. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiheshimu. Mtu alikaa akajifunza kutokana na yale yaliyotokea Aprili.

#14 Mchangiaji

Ongezeni Japani 1991. Walitoa dola bilioni 13 kwa vita vya Ghuba. Kuwait ilipokombolewa ikaweka tangazo kwenye magazeti ya Marekani kuzishukuru nchi zilizosaidia, na Japani haikutajwa. Wajapani hawajasahau hadi leo. Mwaka huohuo wakapeleka meli za kutegua mabomu ya baharini Ghuba, na 1992 wakapitisha sheria ya kuruhusu askari wao kushiriki kulinda amani.

#15 Mchangiaji

Mleta mada, kwa anayetaka kufuatilia kuanzia sasa, atazame nini?

#16 Mleta mada

Tazama ile 1.5, mkuu.

Asilimia 5 ya The Hague imegawanyika: 3.5 kwa ulinzi wenyewe, na 1.5 kwa mambo yanayohusiana, yaani barabara na madaraja ya kupitisha vifaru, ulinzi wa mitandao, maandalizi ya raia, viwanda vya silaha. Wote wana hadi 2035. Ile 3.5 ina ufafanuzi wa miaka mingi. Inahesabu hadi pensheni za wanajeshi, na sasa msaada wa moja kwa moja kwa ulinzi wa Ukraine. Ile 1.5 mipaka yake ni mipana mno. Italia tayari maofisa wake walizungumzia kuhesabu daraja la Messina la kuunganisha Sicily na bara, mradi wa euro bilioni 13.5, kama miundombinu ya ulinzi. Balozi wa Marekani NATO alipoulizwa kuhusu mambo ya namna hiyo aliweka wazi kwamba hawatakubali hesabu za kubuni.

Ujerumani nayo ifuatilie kwa makini. Machi 2025 ilibadilisha katiba yake ili matumizi ya ulinzi yanayovuka asilimia 1 ya pato la taifa yasibanwe na ukomo wa deni. Fedha sasa zipo. Swali ni watu. Wameahidi brigedi ya askari karibu 5,000 wakae Lithuania moja kwa moja, iwe kamili mwaka 2027, na kuna familia zinazotakiwa kuhamia huko, shule za watoto, nyumba za kujengwa. Ikikamilika kwa wakati, mtu wa Vilnius hatahitaji kusoma jedwali lolote.

Mapitio rasmi ya safari nzima yamepangwa 2029. Kabla ya hapo kila nchi inatakiwa kuleta mpango wake wa kila mwaka, na wenzake watauona. Nitakuwa naweka taarifa hapa kila mipango hiyo ikijadiliwa. Mwenye swali kuhusu ufadhili wa silaha za Marekani kwa Ukraine kupitia fedha za Ulaya, ule utaratibu ulioanza Julai 2025, aulize. Una mambo mengi, na naona unastahili uzi wake.